Jasho la Kazi na Jasho la Mazoezi

Asubuhi ya tarehe 8 Mei 1902, mlima Pelée katika kisiwa cha Martinique ulilipuka na kuuteketeza mji wa Saint-Pierre kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 28,000. Kati ya wanamaji wa Kifaransa waliokuwa huko alikuwamo ofisa kijana wa miaka 27, Georges Hébert, ambaye inasimuliwa kwamba alisaidia kuokoa watu karibu 700. Aliondoka na imani iliyomwongoza maisha yake yote: mwenye misuli asiyeweza kukimbia juu ya mawe, kupanda ukuta, kuogelea au kumbeba mwenzake mgongoni, siku ya moto hana faida kwa yeyote. Mwaka 1912 alitoa kitabu kuhusu kulea mwili kwa njia aliyoiita ya asili. Vitendo vyake vilikuwa kumi: kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda kwa mikono na miguu, kupanda, kutunza mizani, kurusha, kunyanyua, kujihami na kuogelea.

Karibu miaka 100 baada ya Pelée, tarehe 17 Januari 2002, mlima wa volkano wa Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulipasuka ubavuni upande wa kusini. Nyufa ziliteremka mlimani hadi Munigi, katika utawala wa kimila wa Bukumu, teritware ya Nyiragongo, juu kidogo ya mji wa Goma. Hapo moto ulitoka ardhini karibu na makazi ya watu, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao kuvuka mpaka kwenda Gisenyi nchini Rwanda, wengine kuelekea Sake. Walikuwa na watoto migongoni, magodoro vichwani, wazee wameshikwa mikono. Ukiichukua orodha ya Hébert, karibu kila kitendo kilifanyika barabarani siku ile, na hakuna aliyepewa alama.

Kuna kichekesho kidogo katika habari hii. Hébert alisafiri sana baharini na kila mara alisifu miili ya watu aliowakuta Afrika na kwingineko: wepesi, wakakamavu, wasioijua shule ya mazoezi isipokuwa maisha yao wenyewe. Alichokiona kwao alikipanga, akakipa majina na ngazi, akawafundisha kwanza wanamaji wa Lorient, kisha vijana wa Ufaransa. Mbinu yake ilipata wafuasi Ubelgiji pia. Hivyo elimu iliyodokolewa kwa watu waliokuwa wakipanda miti na kubeba mizigo ilianza kurudi kwao baadaye ikiwa na filimbi na bukta nyeupe.

Hébert mwenyewe alikuwa mtu wa jeshi, na hilo si jambo la kushangaza. Mazoezi ya shuleni ni mtoto wa vita. Friedrich Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi Berlin mwaka 1811, Prussia ikiwa imepigwa na Napoleon na vijana wake wakitaka kulipiza. Pehr Henrik Ling alianzisha chuo chake Stockholm mwaka 1813, miaka minne baada ya Sweden kunyang'anywa Finland na Urusi. Ling ndiye aliyetuachia sura ya somo ambayo wengi wetu tumeikuta: wanafunzi katika safu, mikono imenyooshwa, kila kiungo na zoezi lake, wote wakifuata sauti ya mtu mmoja. Nchi nyingi ziliichukua njia hiyo ya Sweden, na Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa zilizoipenda zaidi. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Ghent kilifungua taasisi ya juu ya mazoezi ya mwili, ya kwanza duniani kutoa shahada za chuo kikuu katika fani hiyo. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Ubelgiji ilichukua Kongo kutoka mkononi mwa Mfalme Leopold.

Ghent ilitupa pia mtu mwingine ambaye jina lake halitajwi sana Munigi, ingawa hesabu yake inafanywa katika vituo vya afya kila siku. Adolphe Quetelet, aliyezaliwa mji huo mwaka 1796, alikuwa mtu wa nyota na takwimu. Mwaka 1835, akitafuta binadamu wa wastani yukoje, alionyesha kwamba uzito wa mtu mzima huenda sambamba na urefu wake ukizidishwa kwa wenyewe. Hesabu hiyo ilikaa karibu bila kutumiwa mpaka mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys alipoifufua na kuipa jina la kipimo cha uzito na urefu tunalolijua leo. Quetelet hakuwa akipima afya. Hata hivyo, anayepimwa leo na kuambiwa amekonda au amenenepa anapimwa kwa rula yake.

Kongo ya Wabelgiji ilipata mazoezi kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa jeshi, Force Publique, ambako mwili ulifundishwa kusimama wima, kugeuka na kupiga hatua. Wa pili ulikuwa misheni. Kwa makubaliano ya mwaka 1906 kati ya dola ya Leopold na Vatikani, Wakatoliki walipewa ardhi wajenge shule, na kwa miaka mingi mtoto wa Kikongo aliyeona ubao na chaki aliviona kwa padri au kwa mchungaji. Kwa mapadri mchezo ulikuwa njia ya kuwashika vijana wa mjini wasipotelee mitaani.

Aliyelifanya hilo kwa ukubwa kuliko wote ni Raphaël de la Kethulle, padri wa shirika la Scheut aliyefika Kinshasa mwaka 1917. Watu wakamwita Tata Raphaël. Alijenga shule, akajenga viwanja, na mwaka 1952 ukafunguliwa uwanja mkubwa uliopewa jina la Mfalme Baudouin. Mapadri hawakutarajia ungetumikaje. Tarehe 4 Januari 1959 watu waliotoka mechi uwanjani hapo waliungana na umati wa chama cha ABAKO uliokuwa umenyimwa mkutano, na ghasia zilizofuata zikauharakisha uhuru wa nchi. Vijana waliokusanywa ili watulie walitoka wakiwa na pumzi ya kutosha kwa jambo jingine.

Rais Mobutu aliuita uwanja huo 20 Mai, kwa siku ya kuzaliwa chama chake. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri, Muhammad Ali na George Foreman walipigania humo taji la dunia. Mwalimu akitaka kueleza tofauti kati ya sifa mbili za mwili, hana haja ya kutafuta mfano mbali na pambano hili. Foreman alikuwa na nguvu ya ghafla, ile inayotoka mara moja na kuangusha mtu. Ali, aliyekuwa akikimbia alfajiri kule N'Sele kandoni mwa mto, alileta pumzi. Aliegemea kamba, akakubali kupigwa raundi baada ya raundi, na katika raundi ya nane Foreman alikuwa hana tena cha kutoa. Wazaire walioshuhudia waliona kwa macho kwamba nguvu na ustahimilivu ni vitu viwili, na kwamba kimoja huweza kumlaza mwenye kingine.

Kuzitenganisha sifa hizo, kuzipa majina na kuzipima moja moja ni kazi ya karne ya 20, na hapo tena vita haviko mbali. Mwaka 1953 na 1954 daktari Hans Kraus na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio jepesi la misuli na unyumbufu: zaidi ya nusu ya watoto wa Marekani walishindwa, ilhali kati ya watoto wa Ulaya waliopimwa hakufika mmoja kati ya kumi. Rais Eisenhower, jenerali mstaafu, aliona askari wa kesho wakiwa goigoi. Mwaka 1956 aliunda baraza la taifa la kukuza afya ya mwili kwa vijana, na mwaka 1958 shule za Marekani zikapata mtihani wa viungo: kujivuta kwenye mtambo, kuketi kutoka chini, kuruka mbele bila kukimbia, mbio fupi, mbio za kugeuka, kurusha mpira na mbio ndefu kidogo.

Ukiutazama mtihani ule utaona unampendelea mwanamichezo. Aliyezaliwa na miguu ya kasi anapita, mnene mwenye moyo mzima anafeli. Wataalamu walibishana kwa miaka 20. Daktari wa jeshi la anga, Kenneth Cooper, alisaidia kugeuza upepo kwa kitabu chake cha mwaka 1968 na jaribio lake rahisi: kimbia dakika 12, tupime umefika wapi. Brazil ya Pelé, iliyotwaa Kombe la Dunia kwenye miinuko ya Mexico mwaka 1970, ilitayarishwa kwa jaribio hilo. Hatimaye, mwaka 1980, chama cha walimu wa mazoezi wa Marekani kikatoa mtihani mpya uliohusu afya tu. Tangu hapo vitabu vinagawa sifa za mwili mafungu mawili. La afya lina pumzi ya moyo na mapafu, nguvu za misuli, ustahimilivu wa misuli, unyumbufu wa viungo, na kiasi cha mafuta mwilini kikilinganishwa na nyama. La ustadi lina kasi, wepesi wa kugeuka, mizani, uratibu wa viungo, nguvu ya ghafla na haraka ya kuitikia. Ndiyo orodha ambayo wanafunzi wanaikariri leo kutoka Kigali hadi Mombasa.

Iteremshe orodha hiyo kwenye barabara ya Rutshuru, inayopita Kibumba na Kibati mpaka Munigi, uone inavyokaa. Chukudu lilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970: ubao mrefu wa mti mgumu, usukani, magurudumu mawili ya mbao yaliyovalishwa mpira wa tairi kuukuu. Linabeba kilo 400 na zaidi, viazi, kabichi, makaa. Mwendeshaji anapiga goti moja kwenye kipande cha mpira kilichopigiliwa ubaoni, mguu wa pili unasukuma lami. Kwenye mteremko mguu huo haufanyi kazi ya kusukuma tena. Unaning'inia nyuma, unagusa, unaachia, unagusa tena kupunguza mwendo, huku kiuno kikienda kushoto na kulia kuweka mzigo katikati. Lori likipiga honi nyuma yake ana nafasi ndogo ya kuamua. Mizani, uratibu na haraka ya kuitikia viko hapo vyote kwa pamoja. Jioni anarudi juu, mamia ya mita kupanda, akisukuma, na hapo zinadaiwa pumzi na mapaja. Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua sanamu ya mtu wa chukudu katikati ya Goma, yenye rangi ya dhahabu. Naona ni mnara pekee wa riadha uliostahili mjini hapa, ingawa haukujengwa kwa nia hiyo.

Maji ni habari nyingine. Munigi iko juu ya mawe ya volkano yenye matundu, mvua inazama, mto haupo. Mwezi Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa na kwingine kuzunguka Goma, ukosefu wa maji safi ulikuwa sehemu ya msiba: kipindupindu na kuhara viliua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza, na mwamba ulikuwa mgumu kiasi kwamba makaburi hayakuchimbika kwa jembe. Hadi leo maji yanatafutwa na kubebwa. Bidoni la njano la lita 20 linakaa mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso, shingo inavuta, mwili umeinama mbele, mikono inaweza kubaki na kazi nyingine. Wanaobeba ni wanawake, wasichana na watoto kwa jumla.

Akina mama wana ngazi yao, na ni ngazi nzuri. Mtoto mdogo anapewa bidoni la lita 5. Akikua anapewa la 10. Akiwa mkubwa, la 20. Mwaka 1945, katika hospitali ya jeshi mjini Chicago, daktari Thomas DeLorme aliandika karibu jambo hilohilo. Alikuwa na askari waliojeruhiwa magoti, na kawaida ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi na subira. Yeye aliwapa chuma kizito, akakiongeza kidogo kidogo kadiri misuli ilivyopokea. Kufikia mwaka 1948 alikuwa ameupunguza mpango wake ukawa mafungu matatu ya kunyanyua mara kumi: la kwanza kwa nusu ya uzito wa juu ambao mtu anauweza mara kumi, la pili kwa robo tatu, la tatu kwa uzito wote. Ukumbi wowote wa kunyanyua vyuma, hata ule wenye vyuma vilivyotiwa saruji kwenye makopo, unaishi kwa wazo lake.

Lakini katika mpango wa DeLorme kuna kitu ambacho ngazi ya bidoni haina. Mgonjwa wake alimaliza, akalala. Msuli haukui wakati wa kubeba. Kubeba kunauchosha na kuuchana kidogo, kisha chakula na usingizi vinaujenga uwe mzito zaidi ya jana. Bila kupumzika, zoezi halipo, kuna kuchakaa tu. Halafu kuna kipimo chenyewe. Lita 20 za maji ni kilo 20, na mtoto wa miaka 10 ana kilo 30 hivi. Anayebeba theluthi mbili za uzito wake kwa shingo, leo, kesho na mtondogoo, akiwa na uji tumboni au hana, hafanyi mazoezi ya nguvu kwa maana yoyote ambayo Hébert au DeLorme angeikubali. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema watoto wa vijijini hawahitaji somo la mazoezi kwa sababu wanafanya kazi. Wao ndio wanalihitaji zaidi, ila si lile la kuwaongezea uchovu.

Hata kasi, sifa inayoshangiliwa kuliko zote, ina mipaka yake mlimani hapa. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika lote chini ya saa moja, na wataalamu wanakadiria kwamba kwenye miteremko mikali uji wa mawe ulifika kilomita 60 kwa saa. Usain Bolt, katika mita zake bora za Berlin mwaka 2009, alifika 44. Mwaka 2002 moto ulikwenda taratibu zaidi, watu wengi waliweza kuuacha nyuma kwa miguu. Tarehe 22 Mei 2021 ulitoka jioni ukafunika nyumba za vijiji vya Nyiragongo na kusimama ukingoni mwa Goma, kisha siku tano baadaye, ardhi ikiendelea kutetemeka, serikali ikaamuru mitaa 10 ihamwe. Waliokosa gari walitembea zaidi ya kilomita 20 hadi Sake, wakiwa na mizigo. Mtihani wa siku zile ulikuwa wa pumzi na nyayo.

Na kukimbia kwa hiari? Kupo. Alfajiri za mwisho wa juma Goma ina vijana wanaokimbia kwa makundi wakiimba na kupiga makofi, jambo ambalo Mtanzania angelitambua mara moja kuwa ni mchakamchaka wa shuleni kwao. Wimbo unatoa hatua, hatua inatoa pumzi, na mvivu anabebwa na kundi. Watawala nao wanajua kundi linalopumua pamoja linaweza kufanya mengi. Machi 2014, baada ya wafuasi wa chama kimoja cha upinzani kupambana na polisi Bujumbura, Burundi ilipiga marufuku kukimbia kwa makundi mitaani isipokuwa kwenye viwanja vilivyotajwa. Miaka miwili baadaye Kigali ilifanya kinyume: ikafunga barabara kwa magari siku maalumu ili raia wakimbie, wakuu wa serikali wakiwa mbele. Mbio ni zilezile. Mobutu angeielewa miji yote miwili, maana zama zake watoto wa shule walichezeshwa na kuimbishwa sifa za chama kabla ya somo la kwanza, na salongo, kazi ya pamoja ya umma, ikafanywa ya lazima. Salongo ya Jumamosi bado tunayo.

Shule ya Munigi inaweza kupima nini, basi? Uwanja bapa wa mita 400 haupo, na anayeanguka kwenye mawe haya anaacha ngozi ya goti. Dakika 12 za Cooper zinataka nafasi. Kuna jaribio jingine linalofaa zaidi, la Luc Léger wa Montreal, la miaka ya 1980: mistari miwili yenye mita 20 kati yake, kwenda na kurudi, mwendo ukianza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kila dakika, mpaka mtu ashindwe kuufikia mstari kwa wakati. Mita 20 zinapatikana hata nyuma ya darasa, mawe yakiokotwa na mchanga mweusi ukisawazishwa. Jaribio huongozwa na kanda ya sauti. Pasipo umeme mwalimu mwenye saa na filimbi anaweza kuanza kwa mlio mmoja kila baada ya sekunde nane na nusu, kisha akafupisha.

Kabla ya mlio wa kwanza aulize nani amechota maji asubuhi ile, mara ngapi, kutoka wapi. Wenye safari mbili wakae pembeni, wanyooshe shingo na mgongo, wasimame kwa mguu mmoja macho yamefumbwa wapime mizani yao, wanywe. Mbio zao ziwekwe siku nyingine, ile ambayo kaka zao watakubali kushika bidoni.